Vidole vinakufa ganzi usiku mpaka naamka kukung'uta mkono: ni damu, ni shingo au ni kazi?

#1 Mshonaji_wa_Usiku
Habari zenu wakuu.

Nina miaka 41, nashona nguo tangu nikiwa binti. Huu mwezi wa tatu naamshwa na mkono wa kulia. Ikifika saa nane au saa tisa usiku, kidole gumba, cha shahada na cha kati vimekufa ganzi na vinawaka kama vimepakwa upupu. Nahisi vimevimba, lakini nikiwasha taa navikuta vya kawaida kabisa. Nakaa kitandani nauning'iniza mkono, naukung'uta kama mtu anayekausha maji, baada ya dakika chache ganzi inaachia, nalala. Saa kumi na moja yananirudia yaleyale.

Mchana kuna nafuu, ila sindano inaniponyoka na vifungo vya shati la mwanangu vinanishinda. Jirani anasema damu haifiki mkononi. Dada yangu anasema naulalia mkono, na mimi nalala chali. Aliyepitia hili anieleze: ni damu, ni shingo, au ni mkasi? Kazi hii ndiyo inayolea watoto wangu, na neno upasuaji linanitisha.

#2 Kibodi_Mzee
Pole dada. Hiyo ni kapali taneli, yaani neva kubanwa kwenye kifundo cha mkono, ugonjwa wetu watu wa kompyuta. Naandika programu mwaka wa 16 sasa na niliupata kwa kibodi. Kama unashinda kwenye simu au kompyuta, punguza, utaona tofauti.

#3 Tulia_Kwanza
Nafuatilia, nami mkono wa kushoto una mambo hayohayo.

#4 Nesi_wa_Zamu
Pole sana dada. Kabla hatujaupa jina naomba majibu. Kidole cha mwisho nacho kinakufa ganzi? Cha pete je, chote au upande mmoja? Ngozi ya kiganja chenyewe ikoje? Una ujauzito? Umewahi kupima sukari? Kuna siku uliwahi kuvunjika hapo kwenye kifundo cha mkono?

#5 Mshonaji_wa_Usiku
Asante dada Nesi. Cha mwisho ni kizima. Cha pete ndicho kinachonishangaza: upande unaotazama kidole cha kati unakufa, upande unaotazama cha mwisho uko hai. Nilidhani najidanganya, nikakichoma kwa pini usiku kuhakikisha. Kiganja sina shida nacho. Sina ujauzito, sijawahi kuvunjika, na sukari sijapima kamwe.

#6 Nesi_wa_Zamu
Hiyo pini yako imenisaidia kuliko maelezo mengine yote. Kidole cha pete kinahudumiwa na neva mbili. Nusu ya upande wa kidole gumba inategemea neva ya mediani, inayopita katikati ya kifundo. Nusu ya pili, pamoja na kidole cha mwisho, inategemea neva ya ulna, inayopita njia nyingine. Damu ikipungua haichagui nusu ya kidole. Mpaka ukiwa umenyooka namna hiyo, mara nyingi ni neva.

Sasa tazama ndani ya kifundo. Chini na pembeni kuna vifupa vilivyojipanga kama mfereji. Juu yake imetandazwa ligamenti ngumu kama mkanda. Katikati hapo ndipo handaki lilipo, hiyo taneli aliyoitaja Kibodi, na ndani yake zinapita neva tisa za kukunja vidole. Nafasi ni finyu, kitu chochote kikivimba humo, neva ndiyo inayobanwa.

Kiganja chako kuwa kizima nacho kinaendana na maelezo haya, kwa sababu tawi linalohudumia ngozi ya kiganja hujitenga mapema na kupita juu ya handaki, haliingii ndani.

#7 Mnyoosha_Viungo
Salaam. Ni mtaalamu wa tibamaungo. Nesi ameeleza vizuri, nasahihisha neno moja tu la #6: zinazopita humo ni KANO tisa, yaani kamba zinazounganisha misuli na mifupa, na neva MOJA. Kano nne za juu juu, nne za ndani, na moja ya kidole gumba. Hiyo neva moja ni laini kuliko majirani zake wote, ndiyo maana inaumia yenyewe.

Na jirani wa dada asidharauliwe sana. Neva nayo ina vijishipa vyake vya damu. Handaki likibana, damu ya neva inakwama, neva inakosa hewa na kuanza kupiga kelele. Mkono mzima una damu ya kutosha, ila neva inakaukiwa. Ukiukung'uta, mbano unapungua, damu inarudi, ganzi inaachia. Ndiyo maana mwanzoni tatizo huja na kuondoka.

#8 Nesi_wa_Zamu
Kweli kabisa, ni kano. Niliandika nikiwa nimetoka zamu. Asante.

#9 Seremala_Randa
Kwa nini usiku lakini? Mchana ndio anafanya kazi, mbano ungekuja mchana.

#10 Mnyoosha_Viungo
Swali zuri. Tukilala wengi wetu tunakunja vifundo, mkono unaingia chini ya shavu au unajikunja kifuani. Watafiti wa Marekani waliingiza katheta, mrija mwembamba, ndani ya handaki na kupima mgandamizo wenyewe, wakachapisha mwaka 1981. Kwa watu wasio na tatizo hili, kifundo kikiwa kimenyooka, walikuta karibu milimita 2.5 za zebaki. Kwa wagonjwa, karibu 32. Wagonjwa walipokunja kifundo, ilipanda kupita 90. Kifundo kikikaa hivyo saa tatu bila mwenyewe kujua, ataamka tu. Pia tukilala, majimaji ya mwilini yanajigawa upya na misuli haisukumi. Mshonaji anaweza kulala chali na bado mkono ukawa umekunjwa juu ya tumbo.

#11 Mshonaji_wa_Usiku
Juu ya tumbo ndipo unapolala huu mkono. Kila siku.

#12 Kibodi_Mzee
Sawa, nimeelewa handaki. Lakini chanzo bado ni vidole kurudia kitu kilekile. Mimi ni ushahidi hai.

#13 Mpekua_Makabrasha
Mkuu Kibodi, pole kwa mkono wako, ila historia haikuungi mkono. Mwaka 1854 James Paget wa Uingereza aliandika juu ya neva hii kubanwa kwenye kifundo baada ya mfupa kuvunjika. Mwaka 1913 Pierre Marie na Charles Foix wa Ufaransa walimchunguza marehemu wa miaka 80 ambaye minofu ya chini ya kidole gumba ilikuwa imesinyaa, wakaikuta neva imebonyea palepale chini ya ligamenti, wakapendekeza kwamba kuikata ligamenti hiyo kungesaidia. Mwaka 1947 Russell Brain na wenzake walichapisha habari za wagonjwa 6 waliofanyiwa upasuaji huo. Kompyuta ya mezani ilikuwa haijazaliwa.

#14 Kibodi_Mzee
Historia inaonyesha kwamba kompyuta siyo chanzo pekee. Haionyeshi kwamba siyo chanzo kabisa. Hayo ni mambo mawili.

#15 Mpekua_Makabrasha
Hapo nakubali, umenibana kwa haki. Basi tuje kwenye tafiti. Mwaka 2001 kliniki ya Mayo huko Marekani iliwachunguza wafanyakazi wake 257 wanaotumia kompyuta sana. Waliokuwa na dalili za kutosha walikuwa 27, na kipimo cha umeme wa neva kikathibitisha 9 tu. Kiwango hicho hakitofautiani sana na cha watu wengine. Mwaka 2003 Wadenishi wakatoa utafiti wa watu karibu 7,000: kibodi haikuonekana kuwa na hatia, ila waliotumia kipanya zaidi ya saa 20 kwa wiki walikuwa na dalili nyingi kidogo. Kwa hiyo kama unatafuta mtuhumiwa mezani kwako, anza na kipanya.

#16 Kibodi_Mzee
Kipanya nakishika siku nzima kwa mkono huohuo. Nitajaribu kukihamishia kushoto.

#17 Seremala_Randa
Mimi miaka yangu ni ya mashine za kutetemesha: msumeno, kekee, randa ya umeme. Wenzangu watatu tuliofanya kazi pamoja wote wana ganzi. Tafiti za ofisini zisitufiche sisi. Kushika kwa nguvu chombo kinachotetemeka siku nzima si sawa na kubonyeza herufi.

#18 Mnyoosha_Viungo
Kaka Seremala uko sahihi, na hapo ushahidi ni mzito: nguvu ya kushika, kurudia, na mtetemo, hasa vikija pamoja. Ila nawe angalia kitu kimoja. Mtetemo unaweza pia kuharibu neva na mishipa ya damu ya vidole vyenyewe, mbali na handaki. Vidole vyako vinageuka vyeupe ukishika kitu cha baridi?

#19 Seremala_Randa
Ndiyo. Viwili.

#20 Mnyoosha_Viungo
Basi mweleze daktari hilo kwanza, kabla ya ganzi. Handaki likifunguliwa, weupe huo hautaondoka kwa ajili hiyo, na utasema upasuaji umeshindwa.

#21 Bibi_Maua
Mwanangu Mshonaji, pole. Nina miaka 63. Mimi ilinishika mikono yote miwili kwa mpigo, na sikuwa nashona wala kutumia kompyuta. Nilikuwa nachoka, naongezeka uzito, ngozi kavu, nasikia baridi wakati wenzangu wanavua masweta. Daktari mmoja kijana akanipima tezi ya thairoidi, kumbe inafanya kazi kwa uvivu. Nikaanza vidonge. Baada ya miezi kadhaa usiku ukatulia, hakuna aliyenigusa mkono kwa kisu. Waambie wakupime damu kabla ya kukupasua.

#22 Baba_Pacha
Naongeza ujauzito. Mke wangu alianza mwezi wa saba, tukadhani ni uchovu. Alikuwa analala amekaa. Mkunga akamfungia gango la kunyoosha kifundo usiku, na alipojifungua ikaanza kupotea ndani ya wiki chache. Mkono mmoja haukupona kabisa hadi mwaka ulipopita, kwa hiyo msiwaambie wajawazito kwamba lazima itaisha siku ya kujifungua. Sisi tuliambiwa hivyo, akakata tamaa ilipobaki.

#23 Sukari_Yangu
Kisukari jamani. Mimi nina kisukari mwaka wa 11 na vyote viwili ninavyo: ganzi ya miguu ya kisukari na handaki la mkono wa kulia. Ilichukua muda kutenganisha, kwa sababu kila nikilalamika mkono naambiwa "ni sukari hiyo". Kilichowafungua macho ni kwamba kulia kulikuwa kubaya mara tatu kuliko kushoto, na sukari huwa haipendelei upande.

#24 Nesi_wa_Zamu
Umesema jambo muhimu. Orodha ya kupima siyo ndefu: sukari, tezi ya thairoidi, na dalili za baridi yabisi kama viungo vinakakamaa asubuhi na kuvimba. Uzito mkubwa nao unachangia. Waliosafishwa damu kwa mashine ya figo kwa miaka mingi wanaupata. Wanawake wanaupata mara kadhaa zaidi ya wanaume, hasa kuanzia umri wa miaka 40 na kitu. Na kuna hili ambalo madaktari wa moyo wanalitilia maanani siku hizi: mzee, hasa mwanamume, mwenye tatizo hili mikono yote miwili bila sababu, anaweza kuwa na ugonjwa wa amiloidi, yaani protini mbovu inayojikusanya mwilini, unaokuja kuonekana kwenye moyo miaka kadhaa baadaye. Hauwapati wengi, lakini mkono unatangulia kusema.

#25 Shingo_Ngumu
Mnaisahau shingo. Mimi nilipasuliwa mkono, ganzi ikabaki palepale. Hospitali siitaji, ila hakuna aliyenigeuza shingo hata mara moja kabla ya kunipasua, wala sikufanyiwa kipimo cha umeme. Mwaka mmoja baadaye daktari mwingine akaniinamisha kichwa upande, akakibonyeza kidogo, umeme ukashuka kutoka begani hadi kidole gumba. Tatizo lilikuwa neva ya sita ya shingo. Nina kovu kiganjani la kosa la mtu mwingine. Inaniuma hadi leo, na siongelei ganzi.

#26 Mshonaji_wa_Usiku
Pole sana kaka. Sasa nitajuaje yangu siyo shingo? Nainama kwenye cherehani siku nzima na shingo inauma kweli.

#27 Mnyoosha_Viungo
Pole Shingo_Ngumu, hukustahili hilo.

Dada, tofauti zinazosaidia: ya shingo mara nyingi inapanda, ganzi inagusa mkono wa mbele juu ya kifundo, maumivu yanaanzia shingoni au kwenye bega, na kugeuza kichwa kunayabadilisha. Ya handaki inaamsha usiku na kukung'uta kunaituliza. Lakini haya hayakati shauri. Mwaka 1973 Upton na McComas walitoa wazo la mbano maradufu: neva iliyobanwa kidogo shingoni inakuwa dhaifu, kisha mbano mdogo wa kifundo unaimaliza. Wengine wanalikubali, wengine wanasema ni magonjwa mawili yaliyokutana kwa bahati kwa sababu yote ni ya kawaida. Mimi nimeona wagonjwa wanaonishawishi pande zote mbili.

Jaribu hili nyumbani. Kutanisha migongo ya viganja mbele ya kifua, vidole vikitazama chini, vifundo vimekunjwa. Hesabu sekunde 60. Ganzi ikija kwenye vidole vilevile, inaelekeza kwenye handaki. Jaribio hili linaitwa la Phalen. Kisha ubonyeze kwa kidole gumba cha mkono mwingine pale mwanzo wa kiganja, sekunde 30. Ukishindwa kuvumilia, acha, usijitese.

#28 Mshonaji_wa_Usiku
Sekunde 20 tu, vidole vyote vitatu. Wa kushoto sekunde 50, kidogo. Sikujua hata kama wa kushoto unao.

#29 Tulia_Kwanza
Wangu hakuna kitu hadi 60. Kilichokuja ni kidole cha mwisho nilipokunja kiwiko kuandika hapa.

#30 Nesi_wa_Zamu
Tulia, yako basi inawezekana ni neva ya ulna, inabanwa kwenye kiwiko. Usifuate tiba za uzi huu. Usilale umekunja kiwiko, na uonane na daktari.

#31 Majani_Mabichi
Mbona hamtaji vitamini B6? Shangazi yangu alipona. Meza nyingi, hata miligramu 300 kwa siku, neva zinajijenga.

#32 Nesi_wa_Zamu
Naomba sana msifuate #31. Tafiti hazijaonyesha B6 ikiutibu ugonjwa huu kwa uhakika. Na B6 ikizidi kwa muda mrefu yenyewe INAHARIBU neva za hisia, unapata ganzi ya mikono na miguu. Mtu anameza dawa ya ganzi na kujiletea ganzi. Najua shangazi alipona, na ninafurahi, ila ugonjwa huu kwa baadhi ya watu hupoa wenyewe.

#33 Majani_Mabichi
Sikujua hilo la kuharibu. Namwambia leo apunguze, bado anameza.

#34 Mwalimu_Chaki
Asubuhi njema. Mimi nimefanyiwa upasuaji mikono yote miwili, wa kulia kwanza, wa kushoto miezi minane baadaye. Dada Mshonaji, nakueleza kila kitu ili uchague ukiwa unajua.

Nilichelewa miaka sita. Nilizoea kuamka. Kuna siku nikaona ule mnofu wa chini ya kidole gumba umebonyea, kama tunda lililokauka, na chaki ikawa inadondoka. Ndipo nikaenda.

Walinichoma ganzi kiganjani tu, nikawa macho, tunaongea na daktari. Haikupita dakika 20. Wanaikata ile ligamenti ya juu, handaki linapanuka, wanashona ngozi. Usiku uleule nililala hadi asubuhi, mara ya kwanza kwa miaka. Nilipoamka nililia, naandika hivi bila aibu.

Sasa upande wa pili. Nyuzi zilitolewa siku ya 12. Kovu liliuma, halafu yakaja maumivu ya pande mbili za kiganja, pale unapoegemea unaponyanyuka kitini. Hayo yalikaa miezi minne. Kukamua kitambaa sikuweza miezi mitatu. Ganzi ya ncha za vidole ilirudi taratibu sana. Na mnofu wa kulia haukurudi hadi leo. Daktari alikuwa ameniambia kabla: neva iliyokufa njaa muda mrefu inafunguliwa ili isizidi kuharibika, hakuna ahadi ya kurudi.

#35 Mshonaji_wa_Usiku
Mwalimu, asante. Nimesoma mara mbili. Nimeutazama mnofu wangu, naona uko sawa na wa kushoto.

#36 Kibodi_Mzee
Wanaotumia kamera ndogo je? Nasikia ndio bora.

#37 Mwalimu_Chaki
Mimi ni wa kawaida, wa kupasua. Alivyonieleza daktari, wa kamera unarudi kazini mapema kidogo, lakini ukifika mwaka matokeo yanalingana. Cha msingi ni mkono wa anayekata na ligamenti kukatwa yote.

#38 Mnyoosha_Viungo
Kabla ya kisu kuna hatua mbili.

Ya kwanza ni gango la usiku, walau wiki sita. Likinyooshe kifundo, lisikipinde nyuma. Magango mengi ya dukani yana bati linaloinua mkono nyuzi 20 hadi 30, nanyi mnadhani ndiyo sawa. Kupinda nyuma nako kunaongeza mbano. Litoe bati, linyooshe, lirudishe. Vidole vibaki huru, na usikaze mikanda.

Ya pili ni sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, kwenye handaki. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2018 uliilinganisha na gango: kufikia wiki ya sita waliochomwa walikuwa na nafuu zaidi, kufikia mwezi wa sita hakukuwa na tofauti. Kwa hiyo sindano inanunua muda. Kwa mama aliyebakiza wiki chache kujifungua, au mtu anayesubiri upasuaji, muda huo una thamani. Mwenye kisukari ajue sukari itapanda siku kadhaa.

Dawa za kawaida za maumivu na za kukojoza majimaji hazijaonekana kusaidia ugonjwa huu wenyewe.

#39 Sukari_Yangu
Nathibitisha la sindano. Sukari yangu ilipanda siku nne, nikaogopa, hakuna aliyenitahadharisha.

#40 Mpekua_Makabrasha
Nje ya mada kidogo. Gusanisheni kidole gumba na cha mwisho, kisha kunjeni kifundo kidogo. Mnaona kano iliyosimama katikati? Ni ya msuli unaoitwa palmarisi longasi. Watu karibu 15 katika kila 100 hawana, na hawapungukiwi chochote. Kano hiyo inapita JUU ya handaki, kwa hiyo siyo kati ya zile tisa.

#41 Baba_Pacha
Sina kano hiyo mkono wa kushoto! Miaka yote hii sikujua. Mapacha nao tumewapima, mmoja anazo mbili, mwingine hana hata moja.

#42 Seremala_Randa
Mpekua, umeuteka uzi. Nyumba nzima hapa tumekunja mikono.

#43 Mnyoosha_Viungo
Turudi kwa dada. Mshonaji, mkasi wako una mpini wa namna gani, na unakata ukiwa umekaa au umesimama?

#44 Mshonaji_wa_Usiku
Mkasi wa chuma mzito, pete nyembamba. Nakata nikiwa nimekaa, meza iko juu, kwa hiyo mkono unakunjwa kuelekea chini. Pete ya chini inanichimba pale mwanzo wa kiganja. Nina sugu hapo.

#45 Mnyoosha_Viungo
Sugu hiyo iko juu kabisa ya handaki. Nguvu, kukunja, na chuma kinachochimba, vyote mahali pamoja. Kata ukiwa umesimama, meza iwe chini ya kiwiko, funga kitambaa kinene kwenye pete, noa mkasi, na usikate vitambaa vinne kwa mpigo. Siapi kwamba ndicho chanzo. Wako washonaji wengi wenye mkasi huohuo wasio na ganzi.

#46 Bibi_Maua
Na damu apime, mwanangu. Msimmalizie kwenye mkasi.

#47 Shingo_Ngumu
Na kipimo cha umeme kabla ya kisu chochote.

#48 Nesi_wa_Zamu
Kipimo cha umeme kinafaa, ila kikitoka safi si mwisho wa habari. Baadhi ya wenye ugonjwa, hasa ukiwa mchanga, hupata majibu ya kawaida. Na kinyume chake: huko Sweden, utafiti uliochapishwa 1999 ulikuta watu zaidi ya 14 katika kila 100 wakilalamika ganzi au maumivu ya vidole hivi, lakini waliothibitika kwa uchunguzi na kwa umeme hawakufika 3. Siku hizi ultrasaundi nayo inaonyesha neva iliyovimba kabla ya kuingia handakini. Na jamani, ganzi inayokuja ghafla na mdomo kwenda upande au mguu kuregea ni kiharusi, hiyo hailetwi hapa, inakimbizwa hospitali.

#49 Mshonaji_wa_Usiku (wiki tano baadaye)
Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi moyoni.

Gango nimelinyoosha bati na nalala nalo. Wiki ya kwanza nililivua usingizini bila kujua. Sasa naamka mara moja au mbili kwa wiki, badala ya kila usiku. Nakata nimesimama. Sukari iko sawa. Kipimo cha tezi ya thairoidi kimepanda kidogo, daktari anasema kiko mpakani na tutapima tena baada ya miezi mitatu, kwa hiyo Bibi Maua sijui nikupe ushindi au bado. Umeme wa neva umeonyesha kulia inachelewa kwenye kifundo, kushoto kidogo. Shingo ilichunguzwa, niliomba mwenyewe. Hakuna aliyesema kisu kwa sasa.

Kwa hiyo sijui kilichonisaidia ni gango, ni mkasi, au ni muda.

Lakini nimekuja na jingine. Nilipomsimulia mama yangu, akanyamaza, kisha akaniambia yeye amekuwa akikung'uta mikono usiku tangu mimi niko shule ya msingi. Alidhani kila mwanamke anazeeka hivyo. Ana miaka 70. Mkono wake wa kulia hafungi tena kitufe.

#50 Mpekua_Makabrasha
Ugonjwa huu unatembea kwenye ukoo, hilo linajulikana. Waliofananisha mapacha wa kike wamekuta urithi una sehemu kubwa. Kibodi na mkasi vyote vinaweza kuwa vinamkuta mtu ambaye handaki lake lilishaandaliwa.

#51 Kibodi_Mzee
Mama yangu naye. Sikuwahi kuunganisha. Kipanya kiko kushoto mwezi sasa, kulia kumepoa. Sijui nako niseme ni nini.

#52 Nesi_wa_Zamu
Dada, mama yuko karibu? Mwambie aweke mkono mezani kiganja kikitazama juu, ainue kidole gumba moja kwa moja kuelekea darini. Wewe kisukume chini taratibu kwa kidole kimoja. Fanya kulia, kisha kushoto. Angalia na ule mnofu.

#53 Mshonaji_wa_Usiku
Kulia kimeanguka kabla sijasukuma, na mnofu haupo, ni bonde. Kushoto kimesimama, nimesukuma kikakataa kushuka.

#54 Mwalimu_Chaki
Kulia ni kama wangu. Lakini kushoto bado yuko hai kabisa.

#55 Nesi_wa_Zamu
Mpeleke wiki hii, dada, msisubiri ile miezi mitatu yako. Wamtazame yote miwili, na usiwaache wazungumzie wa kulia peke yake.

#56 Mshonaji_wa_Usiku
Tunakwenda keshokutwa. Leo nimemfungia gango langu la akiba, mkono wa kushoto.